Eddie Shore: fundi wa hoki aliyewanoa vijana kisha akawafungia mlango

Kila mashindano ya vijana yakimalizika, barazani hujaa sifa za makocha. Fulani kachukua kombe, fulani katoa kijana aliyesajiliwa na klabu kubwa Nairobi. Ni sifa njema, na mwenye kustahili apewe. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la pili: wale vijana wengine ishirini waliokuwa naye wako wapi? Walitoka kwake wakiwa na nini mkononi?

Swali hilo ndilo linalonifanya leo nimlete mbele yenu mtu ambaye huenda wengi hamjapata kulisikia jina lake. Hakuwa mtu wa kandanda, wala hakuwa mtu wa mwambao. Alikuwa Mkanada wa hoki ya barafuni, aliyefariki 1985, na kwao jina lake ni kubwa mpaka leo. Anaitwa Eddie Shore. Nimemchagua yeye kwa sababu daftari lake limefungwa na hapa kwetu hana jamaa wa kununa tukilifungua. Kocha wa mtaani kwako ukimpima, kesho mtakutana msikitini au sokoni. Huyu tunaweza kumpima bila ya haya wala ghadhabu, tukajifunza namna ya kupima.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Hoki tuijuayo Kenya ni ile ya nyasini, ambayo timu yetu ya taifa ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la 1971. Hoki ya barafuni ni ndugu yake, lakini ni ndugu mkali. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, huteleza juu ya sakafu ya barafu wakiwa na viatu vyenye makali ya chuma, wakigombania kisahani cha mpira mgumu kiitwacho paki. Kumgonga mwenzako kwa mwili kunaruhusiwa. Nairobi hoteli moja ilifungua kiwanja kidogo cha barafu 2005, na ndipo Wakenya wachache wakaanza kuujaribu. Lakini Kanada mchezo huu ni kama kandanda kwetu: mtoto huuanza kabla hajajua kusoma vizuri.

Shore alizaliwa tarehe 25 Novemba 1902 huko Fort Qu'Appelle, magharibi ya Kanada, katika nchi ambayo sasa ni mkoa wa Saskatchewan. Alikulia kwenye shamba la wazazi wake karibu na mji mdogo wa Cupar. Kazi yake utotoni ilikuwa farasi, ng'ombe na ngano, katika baridi ambayo sisi watu wa kaskazi na kusi hatuwezi hata kuiwaza. Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe aliuingia kwa kuchelewa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha kilimo mjini Winnipeg, nduguye Aubrey alimcheka na kumwambia kuwa hoki hataiweza kamwe. Basi akatoka nje katika baridi kali, siku baada ya siku, akafanya mazoezi mpaka akaiweza.

Kisa hicho kiweke akilini, maana ndicho kitakachotueleza mengi mbeleni. Shore alijifunza kwa ukaidi na kwa maumivu. Hakuwa na kocha wa kumshika mkono. Na mtu aliyejifunza hivyo mara nyingi huamini kwamba hakuna njia nyingine.

Baada ya kucheza timu ndogo ya Melville, alisajiliwa Regina 1924, kisha Edmonton 1925. Mwaka 1926 ligi ya magharibi ilivunjika na wachezaji wake wakauzwa kwa timu za mashariki. Shore akaangukia Boston Bruins, katika ligi kuu iitwayo NHL. Alikuwa beki, lakini hakuwa beki wa kukaa nyuma akasubiri. Alichukua paki langoni kwake akateleza nayo mpaka lango la wapinzani, akimwangusha yeyote aliyesimama njiani. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 12, hesabu kubwa kwa beki wa zama hizo.

Akiwa na Boston alichukua kombe la Stanley Cup mara mbili, 1929 na 1939. Tuzo ya Hart, ambayo hupewa mchezaji aliye na thamani kubwa zaidi kwa timu yake, aliipata mara nne: 1933, 1935, 1936 na 1938. Mpaka leo hakuna beki mwingine aliyefikisha nne.

Ukali wake ulikuwa hadithi. Husimuliwa kwamba mazoezini alikaribia kung'oka sikio, madaktari wakataka kulikata, yeye akazunguka mji mpaka akampata daktari wa kulishona. Alikataa dawa ya kulalia, akashika kioo ili aone mshono unavyokwenda. Januari 1929 alikosa gari la moshi la timu. Akasafiri usiku kucha kwa gari la kawaida katika tufani la theluji kutoka Boston mpaka Montreal, akafika mikono ikiwa imekufa ganzi, akaingia mchezoni, na bao pekee la mchezo huo akalifunga yeye. Kocha wake Art Ross alimtoza faini ya dola 200 kwa kuchelewa.

Lakini ukali una upande wake mwingine. Tarehe 12 Desemba 1933, mjini Boston, Shore aliangushwa na mchezaji wa Toronto Maple Leafs. Aliponyanyuka kwa hasira alimvaa mchezaji mwingine kwa nyuma, Ace Bailey, ambaye inasemekana hata siye aliyemchezea vibaya. Bailey aliangukia kichwa juu ya barafu, fuvu likapasuka. Madaktari wa Boston walimpasua, na kwa siku kadhaa ilidhaniwa hatapona. Akapona, lakini hakucheza tena maishani mwake. Shore alifungiwa michezo 16. Tarehe 14 Februari 1934 kulichezwa mchezo maalum Toronto wa kumchangia Bailey, na mbele ya umati wote Bailey akampa Shore mkono. Yule aliyeumizwa alisamehe. Aliyeumiza, kwa yale yaliyofuata, sioni kama alijifunza kwamba nguvu zake zaweza kumaliza riziki ya mtu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, yaani Shore mlezi wa vijana.

Mwaka 1939, akiwa bado mchezaji, alinunua timu iitwayo Springfield Indians katika jimbo la Massachusetts. Bei inayotajwa ni dola 42,000, fedha alizojiwekea mwenyewe. Timu hiyo ilikuwa katika American Hockey League, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL. Ndiyo ligi ambayo vijana hunolewa wakisubiri kuitwa juu. Boston hawakufurahi beki wao kuwa na timu yake, na mapema 1940 wakampeleka New York Americans, alikomaliza uchezaji wake katika ligi kuu. Tangu hapo Springfield ikawa ndiyo dunia yake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilichukua jengo lake la michezo, naye akahamia Buffalo kuiendesha timu ya huko. Buffalo ikashinda kombe la ligi hiyo, Calder Cup, 1943 na 1944. Vita vilipokwisha akarudi Springfield, akaihamishia timu Syracuse 1951, akairudisha 1954. Kilele chake kikawa 1960, 1961 na 1962: Springfield ilichukua Calder Cup miaka mitatu mfululizo. Kocha mwenye cheo miaka hiyo alikuwa Pat Egan. Lakini kila mtu alijua kauli ya mwisho ni ya nani. Shore alikuwa mwenye timu, meneja, mwalimu wa mazoezi, na hata daktari wa kujiteua aliyenyoosha migongo ya wachezaji kwa mikono yake. Siku za mchezo aliweza kuonekana nje akiongoza magari ya mashabiki yaegeshwe wapi.

Alifundisha nini? Hapa lazima tumpe haki yake, kwa sababu ujuzi wake haukuwa wa uongo. Shore alikuwa ameuchambua mchezo kama fundi jahazi anavyolichambua jahazi, ubao kwa ubao. Aliamini kwamba kila kitu huanzia katika mwili kukaa sawa. Magoti yakunjwe, kama mtu anayetaka kuketi kitini. Miguu isiachane mno. Mikono miwili ishike gongo kwa nafasi, isikaribiane. Mchezaji akikaa hivyo hasukumwi akaanguka, na nguvu zake hazimwagiki ovyo. Angeweza kumsimamisha mchezaji katikati ya mazoezi kwa sababu mguu mmoja ulikuwa nje kidogo tu. Aliwafundisha hatua za kucheza dansi ili wajue kusimamia wepesi. Wengi walicheka, lakini leo timu kubwa hulipa walimu maalum wa kuteleza na wa mizani ya mwili. Shore alikuwa amelishika jambo hilo miaka mingi kabla yao.

Ushahidi wa ujuzi huo upo. Kent Douglas alikuwa beki wa Springfield, na katika msimu wa 1961–62 alipata tuzo ya beki bora wa ligi hiyo, tuzo ambayo inabeba jina la Eddie Shore mwenyewe. Mwaka 1962 Toronto Maple Leafs walimtaka sana hata wakatoa wachezaji watano kumpata yeye mmoja. Msimu wake wa kwanza huko juu, Toronto ilichukua Stanley Cup na Douglas akatuzwa Calder Trophy, tuzo ya mchezaji bora mgeni. Umri wake ulikuwa miaka 26 tu akiingia msimu huo, lakini beki wa umri huo aliyeiva namna ile hakujitokeza hivi hivi. Kuna aliyemfinyanga.

Kama tungesimama hapa, hukumu ingekuwa nyepesi. Makombe matatu mfululizo, beki aliyeuzwa kwa watu watano, elimu iliyotangulia wakati wake. Kocha wa namna hiyo kwetu angebebwa begani kutoka uwanjani mpaka kwake.

Lakini tuufungue ukurasa wa pili.

Shore alitaka kipa asianguke chini hata kidogo. Kipa akizoea kuanguka, husimuliwa kwamba alimfunga kamba shingoni na kuifunga juu kwenye mwamba wa goli, ili akianguka ajue mwenyewe. Waliotanua miguu aliwafunga miguu. Wachezaji aliowakasirikia, au waliokuwa na majeraha, aliwaweka katika kundi lililoitwa Black Aces. Hao walipaka rangi viti, walibadilisha balbu, waliuza bisi kwa watazamaji, walipuliza maputo. Watu wazima, waliosaini mkataba wa kucheza hoki. Faini zilikuwa nyingi na sababu zake alizijua yeye. Mazoezi mengine yalifanywa taa zikiwa nusu, kuokoa umeme. Safari moja, timu ilipofungwa mfululizo, aliwaita wake za wachezaji, wakadhani kuna karamu. Kumbe alitaka kuwaonya mambo ya chumbani, kwamba wao ndio wanaowachosha waume zao. Hicho kisa watu hucheka kila kinaposimuliwa, lakini sidhani kama wale kina mama siku ile walicheka.

Habari za Springfield zilienea mpaka ligi kuu. Inasimuliwa kwamba wapo wachezaji wa NHL waliodai iandikwe katika mikataba yao kwamba hawatapelekwa Springfield kamwe. Fikiri hilo, msomaji. Shule inayotoa makombe, na wanafunzi wanaandikiana mikataba wasipelekwe huko.

Mtu anaweza kuuliza: kama kulikuwa kubaya hivyo, mbona hawakuondoka? Jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Hawakuweza. Zama hizo mchezaji akishatia sahihi na timu, alikuwa wa timu hiyo mpaka imuuze au imwache. Mkataba ukiisha hakuwa na ruhusa ya kwenda kwingine. Na NHL ilikuwa na timu sita tu, nafasi kama 120 kwa wachezaji wote. Timu nyingi za ligi ya chini zilikuwa matawi ya timu kubwa, kwa hivyo kijana akiiva kulikuwa na mkubwa wa kumvuta juu. Springfield ilikuwa ya Shore. Kijana akiiva, ni Shore ndiye aliyeamua kama auzwe, auzwe kwa nani, na kwa bei gani. Na kijana aliyeiva alikuwa na faida mbili kwa Shore: akiuzwa analeta fedha, akibaki analeta makombe na watu mlangoni. Faida ya kijana mwenyewe haikuwa na mtu wa kuitetea.

Hapo ndipo inapopatikana habari ya Bill Sweeney. Huyu alikuwa mshambuliaji wa Springfield. Msimu wa 1960–61 aliongoza ligi nzima kwa pointi. Msimu uliofuata akaongoza tena. Msimu wa tatu, 1962–63, akaongoza mara ya tatu. Miaka mitatu mfululizo hakuna aliyemzidi katika ligi ya pili kwa ukubwa duniani. Je, alicheza michezo mingapi ya NHL maishani mwake? Minne. Yote minne aliichezea New York Rangers katika msimu wa 1959–60, kabla ya utukufu wake wote huo. Baada ya hapo hakuitwa tena. Sitamtupia Shore lawama yote, maana nafasi kule juu zilikuwa chache mno. Lakini mlezi wa kweli, mwanafunzi wake akifika daraja hilo, hubisha milango ya watu kwa niaba yake. Hukosa usingizi mpaka apate mahali. Miaka ileile Sweeney alipokuwa akifunga, Springfield ilikuwa ikichukua makombe.

Mambo yalichemka Desemba 1966. Shore aliwasimamisha mabeki watatu bila ya malipo, Bill White, Dale Rolfe na Dave Amadio, akidai kwamba wanacheza bila ya bidii. Wenzao waliobaki wakakataa kuingia mchezoni mpaka watatu hao warudishwe. Brian Kilrea, aliyekuwa akisema kwa niaba yao, naye akasimamishwa. Wakamwita wakili kijana wa Toronto, Alan Eagleson. Wachezaji wakaandika malalamiko yao, mmoja mmoja, mambo ya miaka na miaka. Shore aliyewahi kuendesha gari usiku kucha katika theluji bila ya kukata tamaa hakujua afanye nini mbele ya vijana waliokataa tu. Mapema 1967 akaachia uendeshaji wa timu.

Wachezaji wa ligi kuu walikuwa wakiangalia. Kama vijana wa Springfield wameweza kumtikisa Eddie Shore, wao wanaogopa nini? Juni 1967 chama cha wachezaji wa NHL kikaundwa, Eagleson akiwa kiongozi wake, na mchezaji akaanza kuwa na wa kumsemea. Haki kubwa walizonazo wachezaji wa hoki leo zina mzizi Springfield. Lakini dunia haina malaika: huyo Eagleson, miaka mingi baadaye, 1998, alikiri mahakamani makosa ya ulaghai, alikuwa amewaibia walewale aliowatetea. Kwa hivyo hata anayekuja kumkomboa mtoto wako, naye mkague.

Sasa tazameni yaliyofuata. Mwaka uleule wa 1967 NHL iliongezwa kutoka timu 6 hadi 12. Moja katika zile mpya, Los Angeles Kings, ilinunua mikataba ya wachezaji wa Springfield. Wale mabeki watatu walioambiwa hawana bidii, White, Rolfe na Amadio, wote watatu walicheza NHL msimu huohuo. White alikuwa na umri wa miaka 28, na ndiyo kwanza anaikanyaga ligi kuu. Baadaye akahamia Chicago, na 1972 akaichezea Kanada katika ule mfululizo mkubwa dhidi ya Muungano wa Sovieti. Tena White huyu alikuwa mmoja wa wale watano waliotolewa na Toronto ili kumpata Kent Douglas. Miaka mitano alikuwa Springfield.

Hapa watetezi wa Shore husema: mnaona? Wanafunzi wake walifika juu, na walifika wakiwa wameiva. Ni kweli, na mimi silipingi. Watu hawaivi kwa msimu mmoja wa Los Angeles. Yale magoti yaliyokunjwa, ile mizani ya mwili, waliipata mikononi mwa mzee yule mkali. Lakini wapinzani wake nao husema: mlango umefunguka siku mkono wake ulipoachia kitasa. Hilo nalo ni kweli. Kweli hizi mbili hazipigani. Shore aliwafundisha na akawazuia, mtu mmoja, siku zilezile.

Na Kilrea, msemaji wao? Yeye alifunga bao la kwanza kabisa katika historia ya Los Angeles Kings, Oktoba 1967. Hata hivyo wakati wake ulikuwa umepita, miaka 33 iligonga mlangoni, na jumla ya michezo yake ya NHL ni 26 tu. Ndipo akawa kocha wa vijana, Ottawa 67's, chipukizi ambao bado hawajatoka ujanani. Alikaa nao miaka na miaka, akashinda michezo 1,193, na 2003 akaingizwa katika jumba la heshima la hoki kwa kazi hiyo ya ulezi. Huyo alikuwa mtu wa utani, mwenye kukaa karibu na wachezaji wake. Springfield alikuwa ameonja upande wa pili wa ukocha, na alikuwa na hiari ya kuurithi au kuuacha. Mtu akitaka kujua kama ukali usio na huruma ndiyo njia pekee ya kumtoa kijana, na aziangalie hesabu za Kilrea.

Shore mwenyewe hakufa akiwa amesahauliwa. Alikuwa ameingizwa katika jumba la heshima tangu 1947. Mwaka 1970 Marekani ilimtuza kwa mchango wake kwa hoki nchini humo. Aliendelea kushikilia umiliki wa timu yake kwa miaka kadhaa, akaona kombe jingine 1975. Alifariki Springfield tarehe 16 Machi 1985, akiwa na umri wa miaka 82. Tuzo ya beki bora wa American Hockey League bado inatolewa kwa jina lake kila mwaka, na vijana wanaoipokea wengi hawajui habari ya kamba shingoni.

Basi hukumu ni ipi? Wapo wanaosema yule alikuwa mwendawazimu na hana alilolifaa. Huo ni uonevu. Ujuzi wake ulikuwa wa kweli, na matunda yanaonekana. Wapo wanaosema makombe yamemsafisha. Huo nao ni upofu. Mimi naona kosa lake kubwa haikuwa ukali. Wazee wetu walikuwa na walimu wakali chuoni na mafundi wakali katika jahazi na seremala, na wengi wanawaombea dua mpaka leo. Kosa lake lilikuwa kwamba yeye ndiye fundi, yeye ndiye mwenye mali, na kijana mwenyewe ndiye mali. Mwalimu wa chuo, mwanafunzi akihitimu, hufurahi kumtoa. Fundi, mwanagenzi akiiva, humpa vyombo akaanzishe chake. Shore, kijana alipoiva ndipo alipomshika zaidi. Ulezi usiokuwa na siku ya kuachia hauwi ulezi tena.

Kwa hivyo sisi tunaopeleka wana wetu kwa makocha, tusiishie kuhesabu makombe. Kocha akisifiwa, muulize mambo matatu. Vijana aliokuwa nao miaka mitano iliyopita wako wapi, wote, siyo yule mmoja wa kwenye picha? Kijana akipata nafasi pazuri zaidi, kocha humfungulia njia au huificha barua? Na wale waliotoka kwake, wakiwa huru na hawana cha kumwogopa, wakikutana naye njiani huvuka kumwamkia au huvuka kumkwepa? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Springfield walilijibu Desemba 1966, na mzee hakuwa na la kusema.

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyofunzwa. Shore aliijua kazi ya kukunja kuliko wengi wa zama zake. Lakini samaki hukunjwa ili aenee chunguni, watu wale. Hakunjwi ili mwenye mikono aonyeshe nguvu zake.